Kujenga Nyumba ya Familia kwa Vituo: Mwongozo Kamili wa Kupanga, Kugharamia na Kusimamia

Karibu kila mahali watu wanakojenga kuna boma moja, yaani nyumba iliyoachwa bila paa, ambalo mti umeota sebuleni. Kuta zimepanda hadi juu, nondo zimechomoza zikiwa na kutu nyekundu, na mwenyewe haonekani. Majirani husema pesa ilimwishia. Ni kweli nusu. Pesa huwaishia wajenzi wengi, ila huyu ilimwishia mahali pabaya. Angesimama mwezi mmoja kabla, au angekuwa na ya kumsukuma mwezi mmoja mbele, nyumba ingemsubiri miaka mitatu bila kupoteza tofali.

Ujenzi wa nyumba isiyo ya ghorofa una vituo kama safari ya basi. Kuna mahali kazi inaweza kulala salama, na kuna mahali haiwezi. Ukivijua vituo hivyo, swali halitakuwa tena "nyumba nzima itanigharimu kiasi gani?" peke yake. Utajiuliza pia, "nina pesa ya kufika kituo kinachofuata bila kukwama katikati?" Mwongozo huu wote unazunguka swali hilo la pili.

Hatua ya 1: Jua uwezo wako kabla ya kumwona mchoraji

Wengi huanza na picha ya nyumba waliyoipenda kwenye simu. Anza na daftari. Andika akiba uliyonayo leo, kiasi unachoweza kuweka kando kila mwezi bila kugusa ada za watoto wala matibabu, na kiasi unachoweza kukopa bila marejesho kuzidi theluthi moja ya kipato kinachofika mkononi. Wakopeshaji wengi hutazama mpaka unaokaribia theluthi hiyo. Ukiuvuka, mwezi mmoja wa ugonjwa unatosha kukuingiza kwenye malimbikizo. Kama unaishi kwenye nyumba ya kupanga, kumbuka kwamba wakati wote wa ujenzi utakuwa unalipa kodi ya nyumba moja na kujenga nyingine.

Kisha toa vitu ambavyo havimo kwenye "bei ya nyumba" unayotajiwa na rafiki: gharama za umiliki na upimaji, ramani, kibali, kuvuta umeme na maji, shimo la maji taka, uzio, geti, na kusawazisha uwanja. Ni kawaida mtu kumaliza nyumba na kukosa pesa ya kuingiza umeme.

Baada ya hapo ongeza asilimia 10 hadi 15 ya dharura. Na kama utajenga kwa miaka kadhaa, usihesabu kwa bei za leo. Vifaa vikipanda asilimia 10 kila mwaka, kitu cha 100 leo kitakuwa 133 baada ya miaka 3.

Hatua ya 2: Kiwanja

Hapa sitakaa sana, lakini usiruke lolote. Hakiki umiliki kwenye ofisi ya ardhi inayohusika, si kwa nakala aliyokuonyesha muuzaji. Mtafute mpimaji akuonyeshe mawe ya mipaka, na wakati huo huo zungumza na majirani. Mgogoro wa mpaka huwa wanaujua kabla ya ofisi. Kama ni mali ya familia, amueni mapema hati itaandikwa jina la nani au majina ya nani.

Kitembelee kiwanja mvua ikinyesha, au kesho yake asubuhi. Maji yakituama ndipo utajua. Chimba shimo la mita moja na uangalie udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa kubwa wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa mvua, huvimba na kusinyaa, na msingi wa kawaida juu yake utapasua kuta. Hapo unahitaji mhandisi kabla ya fundi. Mteremko nao una bei: ikiwa ardhi inashuka mita 1 kutoka mbele hadi nyuma ya nyumba, upande wa nyuma utajenga ukuta wa mita nzima zaidi na kuujaza kifusi, kabla hujaona hata dirisha moja.

Hatua ya 3: Ramani inayolingana na mfuko

Mwambie mchoraji kiasi chako kabla hajashika kalamu. Asipokuuliza, mwambie mwenyewe.

Umbo la nyumba linakula pesa kimyakimya. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina ukubwa wa mita za mraba 100 na ukuta wa nje wa mita 40. Nyumba ya mita 5 kwa 20 ina ukubwa ule ule, lakini ukuta wa nje ni mita 50. Umeongeza robo ya msingi, tofali, lipu na rangi, wala hujapata hata chumba. Kila kona ya ziada na kila mbenuko wa mapambo hufanya vivyo hivyo, halafu hufika hadi kwenye paa, ambako kona huzaa mifereji ya kukutania bati. Huko ndiko nyumba nyingi huvuja.

Weka jiko, bafu na vyoo vikaribiane, ikiwezekana vikigawana ukuta mmoja. Bomba zitakuwa fupi, chemba (mashimo ya kukagulia maji taka) zitakuwa chache, na siku bomba zikiziba utajua pa kutafuta.

Kama pesa ni ya vipande, omba ramani inayokua: vyumba viwili, sebule, jiko na bafu vinavyokamilika na kukalika, pamoja na upande uliotengwa kwa vyumba vya baadaye, paa likiwa limechorwa kupokea nyongeza hiyo. Naona hii ni busara kuliko kujenga msingi wa vyumba sita na kuishi kwenye kodi miaka kumi ukiutazama.

Kibali cha ujenzi kipate kabla ya kuchimba. Kubomolewa hakuna bajeti yake.

Hatua ya 4: Makadirio unayoweza kuyakagua mwenyewe

Mtafute mkadiriaji majenzi akuandalie mchanganuo wa vifaa na ufundi, ule ambao site huitwa BOQ. Hata hivyo, jifunze hesabu ndogo za kuukagua. Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 12, yenye kuta za ndani zenye jumla ya mita 24. Kuta za nje ni mita 44, kwa hiyo jumla ni mita 68.

Ukanda wa zege chini ya msingi, upana sentimita 60 na unene sentimita 20: 68 × 0.6 × 0.2 ni kama mita za ujazo 8.2. Zege la mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hula takriban mifuko 6.3 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni mifuko 52.

Jamvi, yaani zege la sakafu juu ya msingi, unene sentimita 10: 10 × 12 × 0.1 ni mita za ujazo 12, mifuko 76 hivi. Watu huliona jamvi kama sakafu tu, kumbe linameza saruji kuliko ukanda wa msingi. Wengi hukwama hapa.

Kuta za urefu wa mita 3: 68 × 3 ni mita za mraba 204. Toa milango na madirisha, tuseme 30, zinabaki 174. Tofali za bloku za milimita 450 kwa 225 huingia kama 9 kwa mita ya mraba, na ukihesabu zinazovunjika chukua 10. Unahitaji 1,740. Hizo ni za juu ya jamvi tu; za ukuta wa msingi hesabu peke yake.

Paa: ongeza sentimita 60 za upenu kila upande, eneo la chini linakuwa 11.2 × 13.2, karibu mita za mraba 148. Paa la mwinamo wa nyuzi 25 litahitaji mita za mraba 163 za bati. Ukipenda paa refu la nyuzi 40, ni 193, na mbao zake zinaongezeka vilevile. Mwinamo ni uamuzi wa fedha, tena mkubwa, ila hufanywa kwa kutazama picha.

Mchanganuo ukija na tarakimu zilizo mbali sana na hizi zako, uliza. Mkadiriaji mzuri hatakasirika.

Hatua ya 5: Gawa ujenzi kwa vituo

Kituo cha kwanza ni jamvi lililomwagwa. Ukiishia kwenye mtaro uliochimbwa, mvua moja itaujaza tope na utachimba tena. Ukiishia kwenye ukuta wa msingi bila kifusi, kuta zitasukumwa na maji na udongo wa upande mmoja. Kifusi kikishindiliwa kwa tabaka, dawa ya mchwa ikapigwa, nailoni ya kuzuia unyevu ikatandikwa na zege likamwagwa, hapo unaweza kulala. Kwa hiyo usichimbe mtaro mpaka uwe na pesa ya jamvi.

Kabla ya kumwaga zege hilo, hakikisha bomba za maji taka zimepita mahali pake. Kuvunja jamvi jipya kwa sababu ya bomba la choo ni maumivu ya kipekee.

Kituo cha pili ni paa. Ndiyo, kutoka jamvi moja kwa moja hadi bati. Huu ndio mwendo mrefu kuliko yote, na ndiko maboma yenye miti hukwamia. Ukuta usio na lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha) ni tofali zilizopangana tu. Maji ya mvua huingia kwa juu na kulegeza udongo wa saruji ulio kwenye viungo. Kenchi za mbao (fremu zinazobeba paa) zisizo na bati hupinda kwa jua na kuoza kwa mvua. Kama huna uwezo wa mwendo wote, kuna kituo kidogo cha dharura: maliza mkanda wa lenta kuzunguka nyumba nzima, funika sehemu ya juu kwa kozi (mstari) moja ya tofali au kwa saruji, na nondo zilizochomoza zipake uji wa saruji na kuzifunga nailoni. Hapo boma litavumilia msimu mmoja au miwili. Usilifanye makazi ya kudumu.

Kituo cha tatu ni nyumba iliyofungwa: milango ya nje, grili na madirisha. Mabomba ya umeme na ya maji hupita ukutani sasa, kabla ya lipu. Ukishafunga, vifaa vyako vina pa kulala na wizi unapungua.

Kuanzia hapo, karibu kila kitu kinaweza kusubiri: lipu ya nje, dari, vigae, kabati, rangi. Ndiyo sehemu tamu ya kujenga kidogo kidogo. Lakini usidanganyike, umaliziaji unaweza kula sawa na boma zima au kupita, kwa sababu huko ndiko ladha hukutana na duka. Kigae cha bei mara mbili hakiifanyi nyumba isimame vizuri zaidi. Kanuni yangu ni kutobania kitu kitakachofukiwa (nondo, zege, bomba, waya, dawa ya mchwa) na kubania bila aibu kitu kinachoweza kubadilishwa baada ya miaka mitano.

Kuhusu kununua vifaa mapema kama akiba: tofali, mawe na kokoto husubiri vizuri. Bati nazo husubiri zikihifadhiwa pakavu. Saruji haisubiri. Hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya miezi 3 stoo nguvu yake imeshashuka hata kama mfuko haujaganda. Nunua ya wiki hiyo au mwezi huo, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Hatua ya 6: Fedha za watu wengine

Akiba ndiyo pesa nafuu, ila ni ya polepole, na bei hupanda wakati unaweka. Watu wengi huishia kwenye mchanganyiko: kiwanja na jamvi kwa akiba, kisha mkopo kutoka jamvi hadi paa au hadi kuhamia. Napenda mpangilio huu kwa sababu mkopo unabeba ule mwendo mrefu usio na pa kupumzika.

Ukienda benki au kwenye chama cha akiba na mikopo, swali la kwanza liwe: riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo? Tazama tofauti. Umekopa 100 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 10. Riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, utalipa kama 1.61 kila mwezi, jumla 194. Ikihesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo muda wote, utalipa 2.08 kila mwezi, jumla 250. Tangazo lilikuwa lile lile: "asilimia 15".

Swali la pili ni muda. Mkopo huo wa salio linalopungua ukiurefusha hadi miaka 20, marejesho yanashuka kutoka 1.61 hadi 1.32 tu kwa mwezi, lakini jumla inapanda hadi 316. Umepata nafuu ya chini ya moja ya tano kwa mwezi, ukalipa ziada inayozidi mkopo wenyewe. Muda mrefu una maana pale tu marejesho ya muda mfupi yangekuvunja, au mkopeshaji akikuruhusu kulipa mapema bila faini. Hilo liulize na liandikwe.

Mengine ya kuuliza: je, riba inaweza kubadilika katikati? Ada ya kushughulikia mkopo, uthamini, bima na usajili wa dhamana ni kiasi gani, na zinakatwa kwenye mkopo wenyewe? Mikopo mingi ya ujenzi hutolewa kwa awamu baada ya mkaguzi kuona kazi. Hapo daftari lako la vituo linapata kazi ya pili: awamu zilingane na vituo vyako. Awamu inayoishia kwenye kenchi tupu, kisha ukasubiri ukaguzi wiki sita wakati wa mvua, imepangwa vibaya. Jadili kabla ya kusaini, maana baada ya hapo hutasikilizwa.

Mkopo mfupi wa riba kubwa, ule wa kuombwa kwa simu, usijengee nyumba. Hauna hata umri wa zege kukauka.

Hatua ya 7: Fundi na mkataba

Tembelea nyumba mbili alizojenga, moja ikiwa na zaidi ya miaka miwili. Muulize mwenye nyumba, si fundi. Weka fimbo iliyonyooka ukutani. Angalia kona za madirisha kama zina nyufa za mshazari.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako. Uonyeshe kazi gani, kwa ramani ipi, nani ananunua vifaa, nani analipa saidia fundi, na malipo kwa kazi iliyokamilika. Malipo ya kuanzia yawe madogo. Zuia asilimia 5 hadi 10 ya ufundi mpaka kipindi cha kuangalia kasoro kiishe, kwa kawaida miezi 6 hadi 12. Mabadiliko yoyote ya ramani katikati yaandikwe pamoja na bei yake kabla ya kufanywa, maana "hiyo ni ndogo tu, bosi" ndiyo sentensi ghali kuliko zote site.

Hatua ya 8: Siku zako za kuwa site

Huwezi kuwepo kila siku. Uwepo siku hizi.

Siku ya kupanga nyumba kwa kamba. Pima mshazari wa mstatili kutoka kona hadi kona. Kwa nyumba yetu ya 10 kwa 12, kila mshazari uwe mita 15.62. Ukitofautiana kwa sentimita kadhaa, nyumba imekaa upande, na utaiona siku ya kupanga vigae.

Siku nondo zinapofika. Uzito wa nondo kwa mita hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa kipenyo kisha kugawa kwa 162. Nondo ya milimita 12 ni 144 ÷ 162, yaani kilo 0.89 kwa mita. Kipande cha mita 12 kiwe na kilo 10.7 hivi. Pima kimoja kwenye mizani. Kikija na kilo 9, umeuziwa nondo nyembamba kwa bei ya nene.

Siku ya mchanga. Jaza chupa angavu mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa, acha utulie saa kadhaa. Tope litakaa juu kama tabaka. Likizidi asilimia 8 hivi ya mchanga wote, rudisha lori.

Siku ya kumwaga zege, hasa jamvi na lenta. Piga picha nondo kabla hazijafunikwa. Kisha simama karibu na mtu wa maji. Mfuko wa kilo 50 unahitaji kama lita 25, pungufu kama mchanga umelowa. Fundi hupenda zege jepesi linalotiririka lenyewe, kwa sababu toroli linamwagika bila jasho, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu na zege linakuwa dhaifu. Kesho yake kazi ni kumwagilia: siku 7 angalau, asubuhi na jioni, huku limefunikwa magunia yaliyolowa. Nguvu ya zege huhesabiwa kwa siku 28, na kiangazi kikali kinaweza kulinyang'anya nyingi katika siku tatu za kwanza. Kazi hii haina gharama, ndiyo maana husahauliwa.

Siku kabla ya lipu. Mabomba ya maji yajazwe na kuachwa na shinikizo usiku kucha. Piga picha kila ukuta ukiwa na mabomba na waya wazi, fimbo ya kupimia ikionekana kwenye picha, uandike chumba na upande.

Shimo la maji taka lichimbwe mbali na kisima, mita 30 ni umbali wa kawaida wa usalama, na liwe upande wa chini wa mteremko.

Hatua ya 9: Kuhamia

Nyumba inakalika ikiwa na paa, milango inayofungika, choo kinachofanya kazi, maji, umeme uliokaguliwa na chumba kimoja kilichopigwa lipu. Vingine mtavimalizia mkiwa ndani, na kodi mliyokuwa mkilipa iwe ndiyo pesa ya vigae. Maliza chumba kimoja kimoja hadi mwisho; vumbi la nyumba nzima kwa wakati mmoja huchosha watoto kuliko wakubwa.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, panda darini na tochi. Angalia kwenye misumari, kwenye mikutano ya bati na kuzunguka bomba za hewa. Weka alama kwa chaki kila penye unyevu, kisha mpigie fundi simu, kwa sababu ile asilimia uliyoizuia bado iko mfukoni mwako.